Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya taka Dar es Salaam: ndoo mbili tumeweka, mbona gari ni lile lile?

Shikamooni wakubwa zangu.

Nawaandikia nyie mlioshika dhamana ya usafi wa Dar es Salaam, wakurugenzi na mameya wa halmashauri zetu zote tano, waheshimiwa madiwani, maafisa afya na mazingira wa kata mpaka watendaji wa mitaa, na naandika hadharani kwa sababu nikisema kwenye kikao cha mtaa inaandikwa kwenye daftari alafu daftari linafungwa. Mimi ni mama lishe. Mwaka wa kumi na tatu huu nipo sehemu moja, asubuhi chai na maandazi, mchana wali, ndizi, ugali na mboga, na kwa kazi hii taka za jiji hili nazijua kwa mikono yangu, najua zinatokana na nini na najua zinanukaje zikilala siku tatu.

Wiki mbili zilizopita gari la taka lilipita mtaani kwetu asubuhi kama kawaida, likapiga honi, nikatoka na ndoo zangu mbili. Moja ina vinavyooza, maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, majani ya chai, mabua ya mchicha, makombo ya wateja. Nyingine vikavu, chupa za maji, makopo, maboksi, mifuko ya unga. Natenganisha hivyo tangu mwaka jana, walipokuja watu mtaani kutupa semina, wakatuambia taka ni mali, tenganisheni kuanzia jikoni, na mimi nikaelewa nikaanza kesho yake. Nyuma ya banda langu nina lundo la mboji lakini eneo ni dogo, lundo halibebi maganda yote ya jiko la biashara, kwaiyo yanayozidi ndo natoa kwa gari. Sasa siku hiyo kijana akapokea ndoo ya kwanza akaimwaga garini, akapokea ya pili akaimwaga juu yake pale pale, maji ya machicha yakachuruzika kwenye maboksi niliyoyakunja vizuri jana yake usiku, akanirudishia ndoo akaenda nyumba inayofuata. Nikamuita. Nikamwambia mwanangu mbona unachanganya? Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, gari ni moja na tunakoenda kumwaga ni sehemu moja, mimi nifanyeje?"

Sikuwa na jibu la kumpa yule kijana, na sina ugomvi naye, kazi anayofanya ni ngumu na glavu aliyovaa ilikuwa ya mkono mmoja. Jibu mnalo nyie.

Na sio mimi tu niliyeona. Bibi wa nyumba ya jirani alikuwa amekaa barazani anatazama. Yeye alianza kutenganisha baada ya kuniona mimi, akamvuta mpangaji wake mmoja, akaongezeka na mama anayeuza mkaa, tukafika nyumba nne bila mtu kulazimishwa wala kupigwa faini. Akaniambia mwanangu mimi mgongo unaniuma, kuinamia ndoo mbili kila siku alafu zikachanganywe mbele ya macho yangu siwezi tena. Siku ya gari iliyofuata nyumba zote tatu zimerudi kwenye kiroba kimoja. Semina ile iligharimu hela, kulikuwa na tisheti, maji ya kunywa na soda, na yote yale yalikufa kwa dakika moja pale nyuma ya gari.

Wakubwa zangu, kila nikisikiliza kikao au redio nasikia tatizo ni wananchi hawana elimu ya taka. Naomba niseme kwa heshima zote kwamba sio kweli. Wanawake wa Dar tunatenganisha toka tumezaliwa. Maganda ya kulishia mbuzi hukaa kando, ukoko wa kulishia kuku kando, makopo ya mtoto anayekusanya auze kando, chupa za mafuta za kuwekea juisi kando, vifuu vya nazi vya kuwashia moto kando, hata mifupa ya kumpa paka kando. Nyumba ya uswahilini yenye wapangaji sita haitupi kitu kabla hakijafikiriwa mara mbili. Tunachanganya pale tu tunapojua kwamba huko kinakoenda kitachanganywa, na hapo huwezi kumlaumu mtu, hakuna anayefagia uwanja huku mwingine anamwaga mchanga nyuma yake.

Mkitaka ushahidi kwamba watu wa jiji hili wanabadilika, kumbukeni tarehe 1 Juni 2019. Kabla ya hapo kila kitu kilikuwa kwenye rambo, nyanya za mia mbili rambo, chapati moja rambo. Siku ile mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nakumbuka wateja wangu wakaja na hotpoti, wengine na vikapu, na ndani ya wiki chache mtu ukimwona na rambo unashangaa. Watu hawakuwa wamesoma somo jipya la mazingira wiki ile. Ni kwamba mfuko ulitoka dukani, ukatoka sokoni, ukatoka kwa muuza genge, vyote kwa pamoja, kwaiyo njia ya zamani haikuwepo tena na njia mpya ilikuwepo. Kwenye taka mmetuletea nusu ya njia. Ndoo mbili ziko jikoni, na zikitoka getini njia imeisha.

Mimi nimekulia Tabata. Vijana wa sasa wakisikia konda anaita "Tabata Dampo" wanadhani ni jina tu la kituo, lakini dampo lilikuwepo kweli, taka za jiji zilikuwa zinamwagwa pale na kuchomwa, na sisi watoto tulikuwa tunalala na ule moshi. Wakazi wakachoka. Mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu na wakashinda, jiji likaambiwa liache kumwaga taka pale, jiji likaomba kuongezewa muda, tena na tena, mpaka Jaji Lugakingira akakataa, akasema hajawahi kusikia popote chombo cha umma kinakuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na akaikumbusha haki ya kuishi iliyo kwenye ibara ya 14 ya katiba yetu. Wazee wa Tabata walikuwa wanaisimulia hukumu ile barazani kama wanavyosimulia mechi ya Simba na Yanga.

Lakini angalieni kilichofuata. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, mwaka 1991 na wao wakaenda mahakamani, na wao wakashinda. Zikaenda Vingunguti, pembeni kabisa ya bonde la Msimbazi. Baadae zikaenda Mtoni. Mwisho Pugu Kinyamwezi, na huko ndo zinaenda mpaka leo, kama kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, na kuna watu wanaishi pembeni yake na watoto wao wanalala na moshi kama tulivyolala sisi Tabata. Miaka zaidi ya thelathini jiji limekuwa linatafuta pa kupeleka taka, na kila linapopata ni mbali zaidi, na kila pakijaa linatafuta tena. Swali la kwa nini gari lina maganda ya ndizi ndani yake halijawahi kupewa uzito huo.

Maana hebu tuangalie kilichomo kwenye hilo gari. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani na masokoni Dar es Salaam ni vitu vinavyooza, hili wataalamu wenu wenyewe wanalijua na mama yeyote anayepika analijua. Siku moja niliazima mzani wa jirani yangu muuza mchele nikapima ndoo zangu, za siku moja, ndoo ya vinavyooza ilikuwa kilo kumi na moja, ya vikavu haikufika kilo mbili. Ni jiko la biashara, najua, nyumbani kwa mtu itakuwa ndogo zaidi, lakini ile picha haibadiliki sana. Kilo kumi na moja zile ni maji matupu kwa sehemu kubwa, ganda la ndizi ni maji, ganda la tikiti ni maji, yaani tunachoma dizeli kubeba maji kutoka mjini kuyapeleka Pugu, kwenye foleni ya barabara ya Nyerere, alafu masika ikifika gari linanasa kwenye matope ya dampo na mtaani kwetu halionekani siku kumi.

Na yakifika kule hayatulii. Ganda la ndizi likiozea juu juu penye hewa linageuka udongo, haliui mtu. Likifukiwa chini ya tani za plastiki na pempasi likakosa hewa linatoa gesi ya methani, gesi ambayo ukihesabu kwa miaka 100 inashika joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa, na ndiyo hiyo hiyo inayochangia dampo kuwaka moto wa chini chini ambao ukizimwa huku unatokea kule. Alafu kuna yale maji meusi yanayochuruzika chini ya lundo, yanabeba kila kitu, betri, dawa, rangi, yanatafuta bonde. Na mabonde yetu yanajulikana yanaelekea wapi. Msimbazi unaanzia vilima vya huko huko Pugu na Kisarawe, unashuka Vingunguti, unapita Jangwani unaingia baharini pale Salender, na kwenye kingo zake ndo inalimwa mchicha na matembele ninayonunua mimi kupikia wateja.

Sasa niwaambie kuhusu lundo langu, sio kwamba najua sana, nimekosea vya kutosha. Mwanzoni nilichimba shimo nikawa namwaga maganda na machicha tu. Wiki ya pili palinuka, harufu kama yai viza, mafunza, inzi mpaka kwenye chapati, mwenye nyumba akanipa siku tatu nifukie. Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayeuza maua na miche kando ya barabara, alikuja kunywa chai akasikia harufu akaniambia mama umelinyima hewa na umelilisha chakula kimoja. Akanielekeza: toa shimoni, weka juu ya ardhi kwenye kivuli, chini tandika vijiti na mabua ili hewa ipite, kila ndoo moja ya maganda mabichi weka ndoo mbili za vikavu, majani makavu yaliyofagiwa uwanjani, maranda ya fundi seremala, maboksi yasiyo na rangi uliyoyachana. Maranda fundi wangu alikuwa anayachoma kila jioni, sasa hivi ananiwekea kwenye salfeti. Alafu funika na kiroba kuzuia mvua na kuku, geuza kila wiki. Ukitaka kujua maji yanatosha unachukua konzi moja unakamua, likitoa tone moja mawili vizuri, likichuruzika ongeza makavu, likipukutika nyunyiza maji.

Siku ya nne nilipoligeuza lilitoa mvuke kama sufuria. Nilishtuka nikadhani linaungua. Kumbe ndo linavyotakiwa, wadudu wadogo wanaolila ndo wanalipasha moto, na wataalamu wanasema likifika nyuzi 55 mpaka 65 katikati mbegu za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa vinakufa. Nyama, mifupa na mafuta ya kukaangia siweki, yanaita panya. Maganda ya limao naweka kidogo. Vifuu vya nazi haviozi leo wala kesho, hivyo nawashia moto. Baada ya miezi mitatu kilichobaki kilikuwa cheusi, chepesi, kinanuka kama shamba baada ya mvua ya kwanza, na haikuwezekana kujua kwamba ni machicha yale yale yaliyonigombanisha na mwenye nyumba. Mzee wa miche alikichukua chote kwenye viriba vyake, na kiroba cha pili alinilipa. Mwaka 2022 bei ya mbolea za dukani, yuria na DAP, ilipopaa mpaka serikali ikaweka ruzuku, jiji hili lilikuwa linapeleka mbolea dampo kila siku kwa malori.

Lakini siwaombi mlazimishe kila nyumba iwe na lundo. Mimi nina kieneo nyuma ya banda, wengi hawana. Mtu anayekaa chumba kimoja na sebule Manzese, jiko liko koridoni, lundo ataliweka wapi? Familia ya ghorofa ya saba Kariakoo italiweka wapi? Hao mkiwaambia watengeneze mboji mmewaambia wasifanye kitu. Hao kinachowafaa ni ndoo ndogo yenye mfuniko na mtu wa kuja kuichukua kabla haijaoza, ikiwa peke yake, ikapelekwa sehemu ya karibu.

Na hapo ndo ombi langu kubwa lilipo, na naomba mlisome taratibu kwa sababu halihitaji gari jipya hata moja. Tupeni siku. Gari hilo hilo, vijana hao hao, lakini Jumatatu na Alhamisi libebe vinavyooza tu, na vikavu vibebwe mara moja kwa wiki au hata kwa wiki mbili. Vikavu vikiwa havina maganda ndani havinuki, chupa ya maji inaweza kukaa mwezi kwenye kiroba isimsumbue mtu. Kinachotufanya tushindwe kusubiri gari ni ile sehemu inayooza. Mnajua wenyewe mvua kubwa ikianza kunyesha usiku watu wanatoka na viroba wanaachia kwenye mtaro, asubuhi mtaro umeziba nyumba za chini zimejaa maji, na wanaofanya hivyo sio washenzi, ni watu ambao gari halijaja siku tisa na wana mtoto mchanga ndani na kiroba kina funza. Toeni kinachooza kwa ratiba inayoaminika muone ni viroba vingapi vitaenda mtaroni.

Jambo la pili ni mkataba. Sijausoma mkataba wa mkandarasi wa kwetu, lakini naona unavyofanya kazi barabarani. Anakusanya ada nyumba kwa nyumba, anajaza gari, anamwaga, anarudi. Hakuna sehemu kwenye kazi hiyo ambapo kutenganisha kunamlipa, kunampotezea muda tu. Wekeni kwenye mkataba kwamba vinavyooza haviruhusiwi kutoka nje ya kata au angalau wilaya bila kupita kwenye eneo la mboji, na wekeni kwamba akichanganya kilichotenganishwa anakatwa yeye, kabla hamjafikiria kunipiga faini mimi. Safari za Pugu zikipungua na yeye anapona kwenye dizeli na matairi, kwaiyo hata yeye si adui wa hili jambo, anahitaji tu kupangiwa.

Eneo litatoka wapi? Hapo ndo nawaomba msiseme hakuna. Anzeni na masoko. Soko la ndizi Mabibo, Buguruni, Ilala, Temeke Stereo, kule taka zimeshajitenganisha zenyewe, ni mikungu, majani ya migomba, kabichi, mananasi, maembe ya msimu, plastiki ni kidogo. Kona moja ya soko yenye paa na sakafu ya zege na vijana sita wenye koleo inatosha kuanzia. Baada ya hapo mitaa ya jirani ilete ndoo zake hapo hapo kwa guta au toroli, guta linapita kwenye vichochoro ambavyo lori halijawahi kupita na halitapita.

Na haya sio ya kufikirika. Bonyokwa, hapa hapa wilaya ya Ilala, shirika la Nipe Fagio na ushirika wa wakusanya taka wa Bonyokwa wanakusanya taka nyumba kwa nyumba zikiwa zimetenganishwa, vinavyooza vinatengenezewa mboji huko huko. Ni mtaa wa watu kama sisi, wenye vichochoro kama vyetu. Kinondoni nao wana kiwanda cha mboji Mabwepande kilichojengwa kwa ushirikiano na Hamburg ya Ujerumani, jiji rafiki la Dar tangu 2010, na kimepangwa kuweza kupokea tani 50 kwa siku. Ni jambo kubwa na nawapongeza waliolisukuma. Lakini kiwanda kama hicho kinahitaji maganda yasiyo na vipande vya chupa wala pempasi wala sindano, maana mboji yenye plastiki mkulima hataitaka mara ya pili, na usafi huo hauwezi kutengenezwa kiwandani, unatengenezwa jikoni kwangu na unalindwa na gari. Kiwanda cha tani 50 bila magari yanayotenganisha ni kama mashine ya kusaga isiyoletewa mahindi.

Kenya walipitisha sheria yao ya usimamizi endelevu wa taka mwaka 2022, inayotaka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Korea Kusini walipiga marufuku kufukia mabaki ya chakula dampo mwaka 2005, na 2013 wakaanza kutoza kwa kiasi cha unachotupa, leo karibu mabaki yao yote yanageuka mbolea, chakula cha mifugo au nishati. Na sisi sheria tunayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaziachia serikali za mitaa kazi ya taka ngumu na kutenganisha kwenye chanzo kumo humo ndani. Miaka zaidi ya ishirini. Sihitaji sheria nyingine, nahitaji Jumatatu na Alhamisi.

Kuna watu wengine naomba msiwasahau mkikaa kupanga. Kila siku ya gari, saa kumi na moja alfajiri kabla sijawasha moto, vijana wanaookota makopo na chupa wanapita kwenye viroba vilivyotolewa nje. Wanavichana kwa sababu chupa iko ndani chini ya makombo, wakiondoka uchafu umetapakaa na sisi tunawatukana. Mmoja alikatwa na wembe uliokuwa kwenye kiroba, alikuja kwangu kuomba maji ya kunawa, mkono unavuja damu na umeloa mchuzi wa mtu. Kule dampo wapo wengi zaidi, wanawake wenye watoto mgongoni. Vikavu vikitoka peke yake hawa watu wanapokea vitu safi mlangoni, kwa mkono, wanavipima wanaviuza bei nzuri kuliko chupa iliyopakaa ugali. Waandikisheni, wapeni vitambulisho na glavu, wawe ndo wabebaji wa ile siku ya vikavu. Kazi wanaijua kuliko yeyote mtakayemleta na zabuni. Na pempasi na pedi, samahani kusema hadharani lakini lazima isemwe, zinahitaji mfuko wake wa tatu uliofungwa, maana sasa hivi hivyo ndo vinaishia mikononi mwao.

Jiji hili kwenye sensa ya 2022 lilikuwa na watu 5,383,728. Najua mkiangalia namba hiyo mnaona haiwezekani. Msianze na wote. Chukueni kata moja kwa kila halmashauri, kata tano tu, mwaka mmoja, siku mbili tofauti za gari, kona moja ya mboji sokoni, na mtangaze kila mwezi kwenye ubao wa serikali ya mtaa ni kilo ngapi zimeingia kwenye mboji na safari ngapi za Pugu zimepungua. Sisi tutasoma ule ubao. Tunasoma majina ya wasiolipa ada, tutasoma na huo. Na tukiona gari linachanganya mtupe namba ya simu ya mtu ambaye atapokea, sio ya kuachia ujumbe.

Bibi jirani nilimwambia nawaandikia. Akasema wakikujibu nitarudisha ndoo yangu ya pili, nimeihifadhi uvunguni. Mimi za kwangu bado zipo mbili, ila ile ya vinavyooza siitoi tena kwa gari, nimemuomba mzee wa miche kieneo kidogo nyuma ya miche yake naanzisha lundo la pili huko, na mama wa mkaa amekubali kuleta maganda yake. Kwaiyo tupo nyumba mbili.

Kama mna nafasi njooni muone. Lundo lililopo sasa nyuma ya banda langu linafikisha miezi miwili mwisho wa mwezi huu, Jumamosi ile ya usafi, na siku hiyo nitaligeuza. Njooni alfajiri kabla wateja wa chai hawajaanza kuingia, koleo zipo mbili.

Ni mimi mama lishe wenu,
Dar es Salaam